Vijana Watano wa Chacoma

Sajini Eleuterio alipanda mlimani hadi Chacoma kutafuta vijana watano tu. Jumatatu kanali angekuja kambini kuhesabu kuruta, na wakipungua, Eleuterio angehamishiwa msituni, siku nne kwa basi, huku mkewe Nieves ana mimba ya miezi minane.

Miaka ya nyuma wala asingehangaika. Vijana walilala nje ya lango wakigombea nafasi, maana ndani kulikuwa na supu, na bila cheti cha jeshi hakuna tajiri aliyekuajiri. Lakini mwaka ule bei ya kwinoa ilipanda mara tatu. Nani aache nafaka inayouzika hivyo akapige gwaride?

Hata wa kumsikiliza hakupatikana, kila mtu alikuwa anapura. Basi akavua koti, akashika mti wa kupuria, akawa anahubiri jeshi huku anapura. Siku tano, nyumba tano. Aliambulia malengelenge.

Jumapili alipoaga kinyonge, Mama Saturnina, mwenye nyumba ya kwanza, akamzuia. Chacoma kazi hulipwa kwa kazi, siku kwa siku, na kumwacha mtu aondoke hivi hivi ni aibu ya kijiji kizima.

"Shamba huna, mwanangu," alisema. "Sasa tukulipie wapi?"

"Kambini, mama. Kesho."

Jumatatu kila nyumba ilitoa kijana mmoja. Wakanyolewa, wakavaa magwanda, wakasimama wima. Kanali akahesabu watano, akampa Eleuterio mkono. Moyo wa sajini ukatulia, akajiona mjanja kuliko jeshi zima.

Jioni akawakuta wamekunja magwanda vizuri, wanavaa ponjo zao, mablanketi yao ya kuvaa begani.

"Mnakwenda wapi?"

"Nyumbani," akasema Wilder, mwana wa Mama Saturnina. "Siku yako imekwisha, kaka. Ukitaka mwaka wetu, njoo upure mwaka."

"Mwaka mzima nitakula nini?"

"Ulichokula kwetu wiki iliyopita. Ulimaliza vyungu viwili. Na mama anasema mkono wako mzuri, kipande cha shamba kipo."

Eleuterio alifungua kinywa awakaripie, kikatoka kicheko. Akaenda moja kwa moja nyumbani, akamwambia Nieves afunge mizigo.

Nieves akajishika tumbo. "Wametupeleka msituni?"

"Hapana, mke wangu," akasema. "Nimeandikishwa Chacoma."