Mpelelezi Aliyebeba Friji

Filamu ilimla mwongozaji miezi minane, na miezi yote hiyo hakuacha kupiga video za harusi kila Jumamosi, maana tumbo halingoji sanaa. Aliiita Jalada la Marehemu. Ilihusu mpelelezi anayewahoji wafu kwa sababu walio hai wamemchosha kwa uongo. Mzimu aliuigiza mkewe, msusi, uso umepakwa unga wa ngano na nywele zimeachwa timtim. Mpelelezi alikuwa awe mwalimu mmoja mwenye sauti nzito, lakini siku ya kwanza ya kazi mwalimu akazima simu. Mwongozaji akakimbilia karakana kwa kaka yake mkubwa.

Kaka huyo alikuwa fundi wa mafriji, na mtaa mzima ulimwita Gesi. Hakuwahi kuigiza hata shuleni. Alifuta mikono, akauliza kama kuna mahali atatakiwa kucheka. Alipoambiwa hapana, akafunga karakana akavaa koti la mpelelezi.

Tatizo lilikuwa mgongo. Miaka sita nyuma, ndugu hao wawili walipandisha friji la mteja ghorofani, mdogo juu, mkubwa chini. Mdogo akaachia, na lote likamlalia mkubwa. Gesi mwenyewe ndiye aliyewaambia watu kwamba aliteleza tu, friji hakulitaja. Tangu hapo alitembea kwa kuegemea upande mmoja. Mwongozaji alipomwomba anyooke mbele ya kamera, kaka alisema akinyooka atalia, na filamu si ya kilio. Wakaacha hivyo.

Onyesho la kwanza lilikuwa mchana, kwenye ukumbi wa chuo cha ufundi, madirisha yamezibwa kwa mashuka meusi. Mzimu ulipotokea, ndala zikaonekana chini ya sanda, ukumbi ukaangua kicheko. Mwongozaji, aliyesimama nyuma karibu na projekta, alihisi masikio yanawaka moto. Kisha ikaja sehemu ya mahojiano. Gesi akauvutia mzimu kiti, naye akajishusha taratibu kwenye kiti chake, akasema, "Kaa. Wewe umekufa, mimi nimechoka. Tusidanganyane."

Ukumbi ukawa kimya. Mama mmoja wa mstari wa mbele alijifunika mdomo kwa mtandio na hakuuondoa hadi mwisho.

Filamu ilipowekwa mtandaoni, maoni yakamiminika, kila mtu na lake. Mmoja alisema amelala bila kuzima taa. Mwingine alisema sauti inatoka ndani ya ndoo. Wapo walioapa hawajawahi kuona hadithi kama hiyo, na wapo walioomba warudishiwe saa moja na nusu ya maisha yao. Ndala za mzimu zilijadiliwa kuliko muuaji. Msusi aliyasoma saluni huku anasuka, akicheka na wateja wake. Ila katika jambo moja, waliosifu na waliokandia walikutana: yule mpelelezi. Walisema ana uso wa mtu aliyeona mambo. Kisha mtu akaandika, "Mwongozaji arudi kwenye harusi zake, lakini huyu mpelelezi apewe filamu nyingine."

Mwongozaji alilisoma hilo akiwa peke yake mezani, chai imepoa. Alikumbuka mistari aliyoiandika na kuifuta, jinsi alivyomwelekeza kaka hata pa kuweka mkono. Akafungua akaunti yenye jina la uongo, akaandika, "Mpelelezi gani huyu? Anatembea kama kabebeshwa friji ngazini." Akanywa chai yake baridi, akajisikia nafuu kidogo.

Kufikia kesho yake watu mia tisa walikuwa wamelipenda neno hilo. Kesho kutwa mtu akatengeneza picha: Gesi na koti lake, friji mgongoni, anapanda ngazi. Ikapita simu hadi simu. Wateja waliingia karakana wakitembea upande upande, wakamuuliza kama mzimu umo kwenye friza. Msusi, ambaye mumewe hawezi kumficha hata kikohozi, aliiona ile akaunti kwenye simu ya mumewe. Hakupiga kelele. Alimwambia afute. Akafuta, lakini maji yalikuwa yameshamwagika; picha haikuwa yake tena.

Siku ya tatu tangu picha itoke, mwongozaji alikwenda karakana, akijiambia anakwenda kumfariji kaka. Gesi alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji lililofunguliwa, akasema bila kugeuka kwamba kichekesho chenyewe ni kizuri, kimetungwa na mtu anayejua kutunga. Mwongozaji akasema watu wa mtandaoni hawana adabu, asiwajali.

"Hao siwajali," kaka akasema. Akaweka bisibisi chini. "Lakini friji la ngazini wanalijua wawili tu. Mimi sikuandika."

Mwongozaji akasema simu yake inaita, ingawa haikuita, akatoka.

Baada ya mwezi mtu wa kituo cha televisheni alipiga simu. Alitaka sehemu ya pili, kwa sharti mpelelezi awe yuleyule. Mwongozaji hakuweza kwenda mwenyewe, alimtuma mkewe. Msusi alirudi na koti limekunjwa vizuri, limefuliwa. Shemeji hakuwa na hasira, alisema, alimkaribisha hata chai. Alikataa tu. Na yeye msusi pia, akaongeza huku akilitundika koti, asitafutwe tena kwa kazi ya mzimu.

Sehemu ya pili ilitengenezwa, mpelelezi akiwa yule mwalimu mwenye sauti nzito, ambaye safari hii aliacha simu wazi. Ndala hazikuonekana, sauti haikutoka kwenye ndoo. Televisheni waliitazama, wakashukuru, wakakaa kimya. Mtandaoni waliandika watu kumi na wawili, na tisa kati yao waliuliza aliko yule mpelelezi wa kwanza.

Mwongozaji aliwajibu wote kwa jina lake halisi kwamba mpelelezi huyo amehamia mbali. Karakana ilikuwa mtaa wa pili tu. Siku hizi alikuwa akipita njia ya kuzunguka.