Haya ya Kufunga Duka

Siku Fundi Saa alipofariki, gari lilifika mpaka mlangoni. Hilo mkewe halisahau. Teksi ya dereva aliyeitwa Taratibu ilishuka kinyumenyume kutoka barabara kuu, ikapita duka la nyama, ikapita bomba la maji, ikasimama pale hasa kizingiti kinapoanzia. Wanaume wawili wakamtoa Fundi Saa ndani ya nyumba, wakampakia akiwa bado anapumua. Jioni gari lingine likamrudisha, nalo pia likafika mpaka mlangoni. Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa, alikuwa ameketi kwenye kiti chake dirishani, mguu wenye kidonda ameupumzisha juu ya kigoda. Hakuna aliyemsumbua kumhamisha. Mwanawe aliletwa mbele yake, akamtazama, akamuaga.

"Ameondoka kwa gari, karudi kwa gari," Bi Mkubwa alikuwa akiwaambia waliokuja kutoa pole. "Mwanangu tangu mdogo alipenda makuu." Wageni hawakujua wacheke au walie. Walicheka kidogo, kisha wakalia.

Nyumba ikabaki na wanawake wawili, mkwe na mkwe. Mke wa marehemu alishona nguo, na ingawa hakujaaliwa mtoto, watu walimwita Mama Cherehani. Cherehani ilikaa sebuleni karibu na kile kiti cha dirishani. Upande wa pili ilibaki meza ya Fundi Saa, na bisibisi zake ndogo kama sindano, na kile kioo alichozoea kukibana jichoni. Saa za wateja ambazo hazijachukuliwa ziliendelea kutembea pale mezani, kila moja na wakati wake, hadi zikaanza kuishiwa betri. Ilipozimika moja, Bi Mkubwa alikuwa wa kwanza kujua. "Mwenzetu mwingine huyo," angesema, na Mama Cherehani angeinuka kuigeuza kifudifudi.

Kidonda cha Bi Mkubwa kilikuwa cha sukari, cha kuoshwa na kufungwa upya kliniki mara mbili kwa wiki. Aliyempeleka ni yule yule Taratibu, dereva aliyepata jina hilo kwa kuendesha kama mtu aliyepakia mayai. Bi Mkubwa aliweza kutoka kitini hadi mlangoni akiegemea bega la mkwe wake, na kutoka mlangoni kuingia garini alitumia matusi. Kubebwa hakutaka.

"Mimi si gunia," alisema. "Aliyeruhusiwa kunibeba amekwenda."

Wifi yake Mama Cherehani, dada mkubwa wa marehemu, aliishi ng'ambo ya pili ya mji, kwenye nyumba yenye geti. Msiba ulipokwisha alitaka aondoke na mama yake. Bi Mkubwa akakataa katakata: atakaa alipokaa mwanawe, kwenye dirisha hilo hilo. Wifi mtu akanywea, lakini alipofika mlangoni akamgeukia Mama Cherehani.

"Wifi, nakuachia. Ila siku Mama akikosa kliniki, hata siku moja, nakuja kumchukua. Tusije tukalaumiana."

"Haya," alijibu Mama Cherehani.

Neno hilo lina habari yake katika nyumba ile. Fundi Saa hakuwa mtu wa mabishano. Mteja angekuja juu juu, saa imesimama tena, fundi gani wewe, na Fundi Saa angemsikiliza mpaka pumzi imwishie, kisha angekirudisha kioo jichoni na kusema, "Haaaya," sauti ikishuka polepole kama mtu anayetua mzigo. Maana yake haikuwa kukubali. Maana yake ilikuwa: nimekusikia, sijakubaliana nawe, na nguvu za kubishana sina. Bi Mkubwa aliipa jina. "Hiyo ni haya ya kufunga duka," alisema. "Akishaisema, hata ugonge mpaka kesho."

Mkewe alichelewa kuijua. Walipooana alimwuliza kama wapake sebule rangi ya kijani. Fundi Saa akasema, "Haaaya." Bibi harusi akapaka kijani ukuta kwa ukuta. Baada ya miaka mingi ndipo mama mkwe alipomnong'oneza kwamba mumewe hakuwahi kuipenda rangi ile hata kidogo. Tangu hapo Mama Cherehani alijifunza kusikiliza neno linavyoshuka. Na kama ilivyo kwa watu waliokaa pamoja muda mrefu, bila kukusudia, akaanza kulisema vile vile.

Basi siku moja gari la matangazo likapita. Kipaza sauti kikasema halmashauri inawaalika wakazi wote kwenye kikao cha kutoa maoni kuhusu kufungwa kwa mtaa wao kwa magari. Maoni ya kila mmoja ni muhimu, kilisema, kikarudia, mpaka Bi Mkubwa akaomba dirisha lifungwe.

Kikao kilifanyika mchana katika ukumbi wa shule, watu wazima wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Afisa aliyetoka halmashauri alikuwa kijana nadhifu mwenye sauti ya upole. Alibandika ramani ukutani. Mtaa wao ulikuwa umechorwa kwa kijani, bila gari hata moja, na miti ambayo haikuwepo. Akaweka simu yake juu ya meza.

"Narekodi," alisema, "ili maoni yenu yasipotee."

Akaeleza kwamba magari yanaukatisha mtaa huo kukwepa foleni ya barabara kuu, na watoto wamegongwa. Hilo lilikuwa kweli, na hakuna aliyelipinga. Kisha akasema wakazi wana chaguzi tatu: kufunga upande wa juu, kufunga upande wa chini, au kufunga kote kuwili.

Mwenye duka la nyama akanyoosha mkono. "Na ile ya kutofunga iko wapi?"

"Hilo nalo ni wazo zuri, mzee. Tumelipokea. Lakini leo tunazungumzia namna ya kufunga."

"Hata mimi mbuzi wangu huwa nawauliza hivyo hivyo," alisema mwenye duka la nyama. "Tuanze kulia au kushoto?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Afisa naye akacheka, tena kwa moyo. Hapo ndipo Mama Cherehani alipoanza kuogopa. Mtu anayekasirika unaweza kumtuliza. Huyu utamfanya nini?

Akasimama. "Mwanangu, mimi nina mgonjwa nyumbani. Hatembei. Teksi ikiishia kule juu, nitamfikishaje?"

"Swali zuri sana, mama. Magari ya dharura yataruhusiwa kuingia."

"Kidonda si dharura. Ni kila wiki."

"Ndiyo hivyo, mama. Kwa kuwa ni kila wiki, hakiwezi kuitwa dharura."

Watu wakaguna. Mama Cherehani akajaribu upande mwingine. "Sasa ataingiaje kwenye gari?"

"Njia itawekwa vigae vizuri kabisa. Kiti cha magurudumu kitateleza tu."

"Kitateleza kweli," akadakia mwenye duka la nyama, kwa maana mtaa wao ulikuwa mteremko mtupu. "Tutamwokota bondeni!"

Kicheko tena. Mama Cherehani hakucheka. Akauliza swali lake upya, kwa maneno mengine, akidhani labda hakulisema vizuri. Afisa akaeleza upya, kwa maneno yale yale, kama mwalimu mwenye subira na mtoto mzito. Akauliza kwa mara nyingine. Akaelezwa kwa mara nyingine: dharura, vigae, usalama wa watoto. Magoti yalimuuma. Bi Mkubwa alikuwa peke yake nyumbani.

"Tumeelewana, mama?" afisa aliuliza kwa upole.

"Haaaya," alisema Mama Cherehani, akaketi.

"Asante sana, mama."

Kukapita kimya kirefu, hata watu wakaanza kujipa moyo kwamba mambo yameishia kwenye makabati. Halafu gari la matangazo likarudi, safari hii kushukuru. Wakazi wanashukuriwa kwa ushirikiano wao. Mtaa utafungwa kote kuwili. Kabla wiki haijaisha, vitalu vya zege vilikuwa vimeshushwa na winchi juu ya mteremko, vikubwa kama majokofu, na vingine chini.

Mama Cherehani alivaa nguo zake za kutokea, akaenda halmashauri. Alidhani watamzungusha. Hawakumzungusha. Afisa yule yule alimkumbuka, akamvutia kiti, akamwuliza hali ya mgonjwa.

"Lakini mama," alisema, "mbona wewe ulikubali?"

"Mimi?"

"Tulijadili suala lako kwa kina, ukaridhika. Ngoja usikie mwenyewe." Akachukua simu, akatafuta, akaiweka katikati ya meza.

Madawati yakasikika yakilalamika. Kicheko cha mwenye duka la nyama. Sauti ya afisa: tumeelewana, mama? Kisha likaja lile neno. "Haaaya."

Mama Cherehani akaisogelea simu. Hakujisikia yeye mle. Alimsikia mumewe. Kule kushuka, ule mzigo unaotuliwa, hata ile pumzi ndogo ya mwishoni, kabla ya kioo kurudi jichoni. Yote yalikuwa ndani ya sauti yake, na hakuwa na habari.

"Rudia," alisema.

Afisa akarudia, akidhani mama anaanza kuelewa.

"Rudia tena, baba."

Akarudia. Mara hii Mama Cherehani alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua, alijikaza.

"Hiyo haya si ya kukubali."

Afisa akatabasamu. "Kwani kuna haya ngapi, mama?"

"Hiyo ni ya kufunga duka."

"Barabara, mama. Tumefunga barabara. Maduka hatujayagusa, wenye maduka wote tulizungumza nao."

Mama Cherehani akamtazama. Aanzie wapi? Aanze na rangi ya kijani? Aanze na wateja waliokuwa wakitoka kwa mumewe wamejaa ushindi, wasijue kwamba walishafungiwa mlango? Kijana alikuwa anamsubiri, mikono ameikunja, tayari kuelewa chochote kitakachosemwa ambacho kinaeleweka.

"Hiyo sauti," aliuliza hatimaye, "unaweza kunitumia kwenye simu yangu?"

"Samahani sana, mama. Rekodi ni mali ya ofisi. Zikikaa muda wake, zinafutwa."

Neno likamjia mdomoni, lile lile. Akalimeza. Akatoka bila kuaga.

Mtaani alimkuta mwenye duka la nyama ameketi juu ya kitalu cha zege, anakipiga kwa kisigino kama anayepima ng'ombe.

"Wamesemaje?"

"Wanasema nilikubali."

"Hawana haya watu hawa!"

"Wanayo," alisema Mama Cherehani. "Wanayo moja. Yangu."

Siku ya kliniki ilipofika, Taratibu aliegesha kule juu, akapiga honi. Bi Mkubwa alikuwa amekwisha kuvaa, mkoba mapajani. Akaegemea bega la mkwe wake mpaka mlangoni, akatazama nje.

"Gari liko wapi?"

"Liko juu, Mama. Wamefunga njia. Nilikueleza."

"Mwambie namsubiri."

"Hawezi kushuka, Mama."

Mwenye duka la nyama akaja na kijana wake wa kazi, wakaleta kiti cha mbao, wakasema watambeba kama malkia. Bi Mkubwa akawaambia wakabebe mbuzi. Taratibu mwenyewe akateremka kwa miguu, kofia mkononi, akambembeleza kwa kila jina la heshima alilolijua.

"Baba," alijibu Bi Mkubwa, "mwanangu aliletewa gari hapa hapa akiwa maiti. Mimi ni mzima."

Akarudi dirishani. Mkoba aliendelea kuupakata mpaka kliniki ikafungwa.

Wifi mtu alipata habari siku hiyo hiyo, na kesho yake akaja. Hakuja kwa ugomvi. Alikuja na wanawe wawili wenye mabega mapana na macho yaliyovimba kwa usingizi, akamkumbatia Mama Cherehani, akalia naye, kisha akakunja nguo za mama yake moja moja. Alipomaliza akapiga magoti mbele ya kiti.

"Mama, kliniki kwangu ni pua na mdomo. Huku mguu utaoza. Twende, Mama. Wajukuu watakubeba."

Bi Mkubwa alitazama dirisha. Akatazama cherehani, na meza ya saa, na ukuta wa kijani.

"Haaaya," alisema.

"Alhamdu!" wifi mtu akashusha pumzi, akainuka. "Umesikia, wifi? Amekubali mwenyewe."

Mama Cherehani alisikia. Bi Mkubwa naye alijua kwamba amesikia, kwa maana alimtazama yeye tu, mpaka wajukuu walipokiinua kiti na kukigeuza kuelekea mlangoni. Wakapanda naye mteremko hatua kwa hatua, na watu wakatoka majumbani kutazama. Mwenye duka la nyama hakusema mzaha wowote. Penye vitalu walilazimika kukipitisha kiti kwa ubavu.

Siku hizi Jumapili Mama Cherehani hupanda mteremko kwa miguu, na Taratibu humsubiri upande wa pili wa zege kumpeleka ng'ambo ya mji. Bi Mkubwa huko amewekewa kiti dirishani. Dirisha linatazama geti. Kliniki hakosi tena. Kidonda kinapona.