Mikono Iliyokataa Kushuka

Vishikwambi vililetwa shuleni Jumatatu baada ya kengele ya pili, ndani ya katoni iliyowahi kubeba sabuni za miche, na wiki nzima vilinukia kufua. Vilikuwa kumi na viwili. Darasa la tatu lilikuwa na watoto karibu mia, na kwa kuwa somo la siku hiyo lilikuwa kugawanya, mwalimu wao aligawanya: nane nane, na waliobaki wakajibana palipokuwa na mwanya.

Mwalimu huyu alikuwa mke wa fundi cherehani, mama mchangamfu mwenye sauti ya kufika barabarani. Aliipenda kazi yake. Alikuwa na desturi moja mbaya, na hakuijua. Kila alipomaliza somo alisema, "Kuna swali?" huku ameshageukia ubao, dasta mkononi. Kisha aliuambia ubao, "Hakuna. Vizuri." Miaka yote hiyo ubao haukumuuliza kitu.

Fundi wa kompyuta aliunganisha intaneti na kila mtoto akachagua picha ya mnyama wake. Kwenye skrini likatokea chungwa, walikate kwa kidole: nusu, robo, thumuni. Ukikata sawasawa, chungwa lilicheka. Ukikosea, lilijiunga upya bila kinyongo. Pembeni kulikuwa na kitufe chenye mkono wa njano.

"Mwenye swali abonyeze hapa," fundi alisema. "Mkono utabaki juu mpaka mwalimu amsikilize."

Darasa lililipuka kwa furaha. Hata wale sita wa nyuma ya kabati walicheza. Kabati hilo la chuma lilikuwa mali ya ofisi, limewekwa humo kwa muda tangu kabla mwalimu hajahamia shule hiyo. Funguo zake zilipotea, na hakuna aliyekumbuka ndani mna nini. Watoto sita walikaa nyuma yake kwa sababu hapakuwa na pengine pa kukaa. Mmoja wao alikuwa msichana ambaye wenzake walimwita Kimya, kwa kuwa tangu aanze shule hakuwa amesema neno darasani. Kimya alijichagulia chura. Kufika katikati ya kipindi chura alikuwa anaongoza darasa zima, na mwalimu alipiga makofi bila kujua chura ni nani.

Kengele ikalia. "Kuna swali? Hakuna. Vizuri." Alipomaliza kufuta ubao na kugeuka, watoto walikuwa wamesimama tayari kutoka, na wapatao thelathini, wale waliobonyeza kitufe, walikuwa na mkono mmoja juu.

"Shusheni mikono, wanangu."

Walijaribu. Mikono haikushuka. Mwanafunzi mmoja alining'inia kwenye mkono wa mwenzake, miguu ikaacha sakafu, na mkono ukabaki pale pale. Haukuuma. Mwalimu alimpigia simu fundi wa kompyuta.

"Umewasikiliza, madam?"

"Bado."

"Basi mfumo unafanya kazi vizuri," fundi alisema, akakata simu kwani alikuwa anaendesha pikipiki.

Mwalimu aliwasikiliza waliokuwa karibu na mlango, na kila aliyejibiwa mkono wake ulishuka wenyewe. Wengine walikwenda nyumbani hivyo hivyo. Barabarani magari yalisimama kuwapisha, yakidhani wanataka kuvuka, na wakavuka ingawa nyumba zao zilikuwa upande huu. Jioni kinamama walikata mishono ya mabega ili mashati yavulike. Baba mmoja alimtundikia mwanawe taa mkononi na kusoma gazeti.

Kuanzia siku ya pili, mwalimu akitoka kazini alipita nyumba kwa nyumba kupokea maswali. Mtoto wa kinyozi alimuuliza, sifuri ukiikata nusu, kila mtu anapata nini? Pacha mmoja aliuliza kama robo ya chungwa tamu inashinda nusu ya chungwa chungu, na pacha wa pili alikuwa na swali hilo hilo lakini akataka ajibiwe kivyake. Mwingine alitaka kujua mbegu nazo zinagawanywa au ni za mwenye kisu. Mwalimu alijibu aliyoyajua. Asiyoyajua alisema, "Hilo sijui, tulitafute," na mkono ulishuka vilevile. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, yeye mwenyewe alikuwa amewaandikisha methali hiyo, na sasa aliona haya. Lakini furaha ilizidi haya. Alirudi kwake amechoka, viatu vumbi tupu, akamsimulia mumewe maswali yote mpaka chakula kikapoa.

Mwisho ukabaki mkono mmoja, wa Kimya.

Mwalimu alikwenda kwao, akamkuta mama mtu akipiga pasi. "Karibu, mwalimu. Mwenzio huyu analala nao juu, chandarua hakifungiki," mama alisema. Mwalimu alikaa, akasubiri. Kimya alitazama vidole vya miguu yake. Kesho yake mwalimu alirudi, akasubiri tena, na kesho kutwa pia. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mwalimu alikuwa ameanza kuuogopa mshindo wenyewe. Siku moja alichoka kusubiri kwa utu uzima, akashuka kitini, akaketi sakafuni karibu na mtoto.

"Mwalimu," Kimya alisema, "huwa unaandika nini ubaoni?"

Mwalimu aliomba maji, akanywa. Kisha akaanza kumweleza aliyoyaandika tangu siku ya kwanza ya darasa la tatu: tarehe, herufi kubwa, majira ya mwaka, nyumba yenye dirisha moja. Mama alizima pasi ili asikilize. Mkono wa Kimya ulishuka polepole, somo kwa somo, na walipofika kwenye chungwa ulikuwa umetua mapajani.

Kesho yake Kimya alihamishiwa mbele, na ikabidi mtoto mwingine wa mbele aende nyuma ya kabati. Wanaume wanne walijaribu kulisogeza kabati, lakini hapakuwa na pa kulisogezea.

Wiki hiyo afisa elimu aliitisha kikao cha walimu mtandaoni. Aliwaonyesha picha ya darasa la tatu, mikono thelathini hewani, akausifu ushiriki wa hali ya juu. Mwalimu alikuwa na swali: chumba cha pili na mwalimu wa pili watakuja lini? Alibonyeza mkono wa njano.

"Kuna maswali?" afisa aliuliza, akikusanya karatasi zake. "Hakuna. Vizuri."

Skrini ikazimika. Mwalimu alitoka ofisini mkono wake wa kulia ukiwa juu. Walinzi wa getini walidhani anawapungia, nao wakampungia.

Mumewe alimpima bega kwa utepe bila maswali mengi. "Nipanue kwapa tu, au nishone mkono mpya?"

"Itategemea."

"Utakaa juu mpaka lini?"

"Mpaka wanisikilize."

Fundi cherehani alizitoa pini mdomoni. "Basi nakushonea mkono wa kudumu," alisema, akachagua kitambaa kizuri chenye maua.

Mwalimu anafundisha hivyo hadi leo. Kwa kuwa mkono wa chaki haushuki, anaandika juu ya ubao, ukutani, karibu na dari, na ikatokea kwamba huko juu hata walio nyuma ya kabati wanaona. Wamezidi kuwa wengi sasa, ila wanasoma kwa sauti kubwa kuliko wa mbele. Kipindi kikiisha, anauliza, "Kuna swali?" na hageuki. Anasubiri akiwatazama. Mikono inapanda, anaisikiliza mmoja mmoja, watoto wanacheka, na mikono yote inashuka isipokuwa wa kwake.