Macho ya Mkamwana

Julai ya mwaka wa hamsini na nane baridi ilishika Mbeya nzima, watu wakatembea wamejikunyata ndani ya makoti na mablanketi, na Tupokigwe alikuwa akitokwa jasho. Tena si jasho la mzigo, maana kikapu alichoteremka nacho kutoka mlimani kilikuwa kitupu. Jasho tu! Alishuka mbio, akavuka barabara mbio, akaingia dukani kwa Mama Shamsha mbio vilevile, akasema hata kabla ya kusalimu, "Nipe kaniki, mama. Kubwa, nene, ile ambayo mtu akijifunika haonekani hata pua."

"Salamu kwanza, binti."

"Shikamoo."

"Marahaba. Haya, kaniki ya nini? Mmefiwa?"

"Bado," alijibu Tupokigwe, "lakini Jumapili nitafiwa mimi, na wa kufa hakuna." Akaangua kilio pale pale mbele ya magunia ya mchele.

Kilio hicho kilikuwa na sababu. Kwao, Wanyakyusa, mkamwana hamtazami baba mkwe. Hata kwa bahati mbaya hamtazami! Akisikia anakohoa njiani, anaruka pembeni, anajifunika nguo, anageuza mgongo mpaka mzee apite. Haongei naye, hali naye, jina lake halitamki. Tupokigwe aliishika desturi hiyo vizuri tangu alipoolewa na Asukile, yule seremala, hata mzee Yotamu, baba mkwe wake, akawa anajisifu kanisani kwamba kwa adabu hakuna wa kumshinda mkamwana wake. Halafu mwaka huu macho yakaanza kutoka. Yalitoka polepole, yakatanuka, weupe ukaonekana juu na chini ya mboni, ukimwona utadhani radi imempigia mlangoni. Na wiki iliyopita, mzee alipokohoa kwenye kona ya migomba, Tupokigwe alivuta nguo ajifunike, mikono ikatetemeka, nguo ikamponyoka, wakabaki wanatazamana uso kwa uso. Angefumba macho, mambo yangekwisha. Na alifumba, jamani! Alifumba kwa nguvu zake zote, kope hazikukutana.

"Amenikodolea macho," mzee alisema kwa hasira alipofika nyumbani. "Mimi! Mtoto wa watu niliyemleta hapa kwa heshima!"

Akatuma mtu Tukuyu kwa Jailos, baba yake Tupokigwe, aje Jumapili baada ya ibada amchukue binti yake. Mtoto angebaki. Gideoni, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alikuwa wa ukoo wa baba yake, na hilo halikuwa na mjadala.

Mama Shamsha alisikiliza yote hayo, ila macho yake hayakuwa kwenye uso wa mteja wake. Yalikuwa kwenye mikono. Ghafla akachana kipande cha karatasi laini ya kufungia sukari.

"Nyoosha mkono. Tanua vidole. Hivyo hivyo." Akailaza karatasi juu ya vidole.

Karatasi ikaanza kucheza. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ajili ya baridi, upepo haukuwepo, na karatasi inacheza!

"Ya Ali!" alisema Mama Shamsha, akasahau kaniki na duka lote. "Unakula?"

"Kama mchwa. Wananicheka."

"Na unakonda?"

"Gauni la harusi linanivuka."

"Usingizi?"

"Upi, mama?"

"Na hiki kivimbe shingoni?"

"Aa, hilo rovu tu. Nusu ya wanawake wa kule mlimani tunalo, nani atalishangaa?"

"Ndiyo maana hawakushangaa! Rovu la mlimani nalijua, wateja wangu wote wanalo, na wamenenepa, na wanasikia baridi. Halimtoi mtu macho hilo. Moyo je?"

Tupokigwe akauchukua mkono wa yule mama akauweka kifuani kwake. Mama Shamsha aliuondoa kama ameshika chungu cha moto.

"Dada yangu Sakerbanu wa Iringa! Kila kitu hivi hivi! Tulisema ana kiburi, tukasema ana majini, kumbe ni ugonjwa. Unasikia? Ugonjwa! Daktari pale Iringa alimpa vidonge, sasa ametulia, anashona kwa cherehani siku nzima. Mfuate mumeo. Basi linaondoka kesho alfajiri, mtafikia kwa dada."

Ugonjwa! Nani amewahi kupewa habari ya ugonjwa akaruka kwa furaha? Tupokigwe aliruka. Alipanda kule mlimani bila kusimama hata mara moja, moyo ukimgonga mpaka masikioni, na kichwani mna neno moja tu. Kama ni ugonjwa, basi si yeye.

Asukile hakuuliza maswali mengi. Alikuwa amekonda naye, masikini, kwa kukaa katikati ya baba na mke. Waliondoka kesho yake, Gideoni wakamwacha kwa bibi yake Lusia. Na safari yenyewe ilikuwa vituko vitupu. Pale Igawa Tupokigwe alinunua mahindi ya kuchemsha akayamaliza, akamaliza na ya Asukile. Pale Nyololo, ambako ukungu ulikuwa umeifunika barabara na abiria wamejifunga mpaka vichwa, yeye alifungua dirisha, na basi zima likapiga kelele. "Wewe mwanamke umetoka wapi, motoni?" aliuliza mzee mmoja, na Tupokigwe akacheka mpaka Asukile naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu ile habari ya kwenye migomba. Walipofika Ipogolo na basi likaanza kupanda kwenda mjini, alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili kama yeye ndiye dereva.

Sakerbanu aliwapokea vizuri, na yeye ndiye aliyewapeleka hospitali asubuhi yake. Daktari alimpapasa shingo, akamwambia ameze maji, akaweka hata kile chombo cha kusikilizia moyo pale pale kwenye koo. Akauliza maswali, na kila swali Tupokigwe alilijibu kabla halijaisha. Ndiyo, joto. Ndiyo, hasira za bure. Ndiyo, daktari, ndiyo! Alijibu kama mtoto anayefaulu mtihani.

"Kuna tezi hapo shingoni ndiyo inayouendesha mwili," daktari alisema. "Yako imepandisha kasi. Na siku hizi madaktari wenzetu wanafikiri kwamba mwili wenyewe ndio unaoichochea, unajipiga wenyewe. Hukufanya kosa, wala hukulogwa. Utameza vidonge hivi kila siku na kurudi hapa kila tutakapokuita. Moyo utatulia, mikono itatulia. Macho siwezi kukuahidi. Huenda yakarudi kidogo, huenda yasirudi."

Maneno hayo ya mwisho Tupokigwe aliyasikia vizuri sana. Njia nzima ya kurudi Mbeya aliyatafuna, kuliko hata mahindi. Moyo na mikono, sawa. Lakini kilichokuwa kikimfukuza nyumbani kilikuwa macho.

Jumapili ikafika. Jailos alikuwa amekuja kutoka Tukuyu, uso umemshuka kwa aibu. Wanaume walikaa chumba cha mbele na mzee Yotamu katikati yao, Gideoni miguuni kwake. Tupokigwe alikaa jikoni, nyuma ya ukuta wa mianzi, mgongo kwao kama desturi inavyotaka, anasikiliza. Asukile akaeleza yote, tezi, vidonge, daktari, hata akawaonyesha karatasi ya sukari kama ile ya dukani kwa Mama Shamsha.

"Ugonjwa wa kunikodolea macho mimi!" alisema mzee Yotamu. "Na kesho mtaniletea ugonjwa wa kunitukana?"

Mmoja wa wanaume akacheka. Tupokigwe akasikia baba yake anasogeza kiti, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Hapo wazo likamjia. Kuongea na baba mkwe hawezi, kutazamana naye hawezi, lakini mkono una uso gani? Akaupenyeza mkono wake wa kulia kwenye pazia la mlangoni mpaka kiwiko, akatanua vidole, akaita, "Mama! Niwekee karatasi."

Mama Lusia, mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa upande wa pili karibu na mlango, akaelewa. Akaichukua ile karatasi ya sukari kwa Asukile, akaiweka kwanza juu ya mkono wake mwenyewe. Kimya. Akaiweka juu ya mkono wa Asukile. Kimya. Ndipo akailaza juu ya vidole vya mkamwana, na chumba kizima kikasikia karatasi inavyochakarika.

"Nipe hapa," alisema mzee Yotamu. Akaijaribu juu ya mkono wake wa kizee, akangoja, akangoja tena. Karatasi ilitulia. Akairudisha kwa mkewe, na mama akaiweka tena kwenye vidole vile, ikaanza tena.

"Na mimi niseme," alisema Mama Lusia, sauti imempanda. "Nimenyamaza kwa hofu, nikidhani ni uchawi. Huyu nimemkuta amelala mchana, anakoroma, na macho yako wazi. Mume wangu, niambie. Mtu aliyelala anamdharau nani?"

Tupokigwe hakuona kitu ila sufuria na moto wa jikoni. Mkono ulianza kumuuma, akaogopa kuurudisha. Akasikia mzee anakohoa, kile kikohozi cha njiani, na kwa mazoea akainamisha kichwa. Karatasi ikaondolewa. Vidole vikabaki hewani, vitupu, vinatetemeka mbele ya watu wote.

Halafu kikawekwa kitu kingine mkononi mwake. Kilikuwa kidogo, cha moto, kimelowa mate, kina vidole vitano.

"Gideoni," ilisema sauti ya mzee Yotamu kutoka upande wa pili wa pazia, polepole, "nenda kwa mama yako. Mwambie babu amesema ameze dawa zake."