Mgongo wa Jovini

Jovini alikuwa na mgongo mzima kuliko wa punda. Najua, maana nimepandisha naye makochi hadi ghorofa ya tatu. Lakini mwaka 2015 mgongo huo ulitibiwa katika miji miwili, na wa tatu nusura.

Ukweli aliniambia Louisville, hapa Marekani, kule mtaa wa South End, tukiwa ndani ya gari lake nje ya ghala tulilofanyia kazi. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Korodani yake ya kushoto ilikuwa inasinyaa, imebaki nusu ya mwenzake, na juu yake pana kitu kama fundo la kamba.

"Kaka yangu alianza hivihivi tulipokuwa wakimbizi kambini Mtabila," alisema. "Saratani. Tulimzika kabla ya mavuno."

"Na hospitali umesema nini?"

"Nimesema mgongo."

"Mgongo!"

"Mzee Gasore, mkalimani alikuwa Aline."

Aline ni mke wa mwanawe. Kwetu baba mkwe hatamki mambo ya chini ya mshipi mbele ya mkamwana, hata kwa kufa. Haya, nikaelewa. Mimi sikai mahali pamoja, Jumamosi nilikuwa naondoka kwenda Columbus. Nikamwambia twende wote, huko kuna kliniki ya bure.

Columbus mkalimani alikuwa mwanamume. Nikashukuru mapema mno. Alikuwa Mchungaji Ruhimbika, aliyebatiza watoto wote wa Jovini. Nikiwa kwenye benchi nje nikasikia mlangoni: "Ni mgongo, Mchungaji." Jovini akatoka na karatasi zenye picha za mazoezi ya mgongo. Jioni alilala sakafuni kwa mpwa wangu, mguu mmoja huku, mwingine kule.

"Na lile fundo nalo unalinyoosha?" nikamuuliza.

"Usinicheke, mzee."

"Sicheki. Nimechoka."

Ikabaki Buffalo. Nina chumba Lackawanna, pembeni mwa mji huo, na huko Jovini hakujuana hata na paka. Safari hii niliingia naye kwa daktari, nikakaa mlangoni kama polisi. Daktari, mzee wa nyusi nyeupe, alisoma karatasi za Columbus, kisha akabonyeza simu ya mezani. Sauti ikajaa chumbani.

"Habari za mchana. Mimi ni mkalimani wenu kwa njia ya simu. Mgonjwa aeleze shida yake."

Jovini akanitazama kama mbuzi aliyeona kisu. Aline! Yuko Louisville, jikoni kwake. Nani alijua kwamba siku hizi anafanya kazi ya simu?

"Ni mgo..."

"Jovini!" nikafoka. "Ukisema mgongo nitasema mimi, tena kwa sauti ya mnadani!"

 

"Bwana mgonjwa," simu ikasema polepole, "mimi hapa sina macho. Nina masikio tu, na nikikata simu yanasahau."

Jovini akageukia ukuta. Akauambia ukuta kila kitu: kusinyaa, fundo, kaka yake. Aline akatafsiri bila kukwama, kana kwamba wanazungumzia tairi la gari.

Daktari akamlaza, akapitisha kifaa cha picha, macho kwenye skrini. Muda mrefu. Kisha akasema mengi kwa Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha ghalani: inua, weka, harakisha.

Simu haikutafsiri. Ilipiga kigelegele.

"Baba! Si saratani, baba!" Ikakohoa. "Samahani, bwana mgonjwa. Daktari anasema haoni uvimbe wa saratani. Ni mishipa ya damu imevimba, ndiyo inayofanya korodani isinyae. Atapima na damu. Inatibika."

Jovini alikuwa bado anatazama ukuta, mabega yanatikisika.

"Asante, mwanangu," akasema.

"Daktari anauliza, na huu mgongo ulioandikwa kwenye karatasi, bado unauma?"

"Hapana," Jovini akajibu. "Umepona."

Nikatoka nje kabla sijampiga.