Mwenye Nyumba Aonje Kwanza

Tangu mume wangu Kayitare afe sikuwa nimelia. Basi, ndilo kosa langu lote. Wenzangu wanaangua kilio mpaka wanashikwa mikono, mimi napanga viti. Kaburini nilikuwa nawaza kama nimezima mkaa nyumbani. Mwili mzima ulikuwa umekufa ganzi, na sikuwa na hamu hata ya kujitetea.

Ukweni walikuwa na hamu ya kunishitaki, hiyo ndiyo shida. Daktari alisema ni moyo. Mamamkwe, Mukarugwiza, alisema ni karuho, ile sumu wanayodai wanawake wa Bukavu tunaificha chini ya ukucha wa kidole gumba. Mimi natoka huko Bukavu, ng'ambo ya daraja la mpakani, na kucha ninazo. Ushahidi gani tena? "Kikulacho ki nguoni mwako," alikuwa anawaambia waombolezaji, mbele yangu, huku anakula wali wangu. Na shemeji Sibomana, kaka yake marehemu, alikuwa ameshatamka: ikiriyo kikiisha, yaani siku za matanga, nirudi kwetu mikono mitupu, na mtoto wetu Feza abaki kwao. Feza ana miaka minne. Hapo tu ndipo nilipohisi kitu, kama jino lililochomwa sindano ya ganzi: unajua panauma, lakini huko mbali.

Siku ya kuondoa ikiriyo tulikaa uani, hapa Kamembe, jua kali. Bia ya ndizi ilikuwepo ya kutosha. Sibomana hakuridhika.

"Na ile chupa ya Muzungu? Iletwe."

Chupa hiyo kila mtu aliijua. Kayitare alikuwa anachimba nyiramugengeri kinamasini, ule udongo mweusi wa mizizi iliyooza, ambao ukikauka unawaka kama kuni. Mhandisi mmoja Mskoti aliyekuja kuupima alimpa wiski ya kwao. Kumbe na huko wanauchimba, na kwa moshi wake wanakausha shayiri ya kutengenezea pombe hiyo. "Lakini hii moshi wake ni kidogo," Kayitare alikuwa akinieleza, utadhani ndiye aliyeipika. "Na haijatiwa maji, iko vilevile ilivyotoka kwenye pipa. Unatia maji kidogo mwenyewe, ndipo inafunguka." Hakuwahi kuionja. Aliiweka kwa siku ya mahari ya Feza. Mtoto alikuwa bado ananyonya, baba ameshamwekea pombe ya posa! Nilimcheka sana.

Nikaileta. Sibomana akaifungua, akamimina, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Iko na harufu ya dawa!"

Glasi ikazunguka, kila pua ikaikataa. Moshi, mmoja akasema. Dawa ya kidonda, akasema mwingine. Mamamkwe akaichukua, akaiweka mbele yangu taratibu, kama mtu aliyeingojea siku hiyo.

"Mwenye nyumba aonje kwanza."

Huku kwetu ndivyo ilivyo: anayekaribisha anaonja wa kwanza, wageni waone hakuna sumu. Siku zote ni heshima tu. Siku hiyo haikuwa heshima. Mtu mmoja akamvuta Feza kutoka magotini pangu.

Kusema kweli, hata ingekuwa sumu ningeinywa. Sikuwa na nguvu ya kuogopa. Nikapiga funda zima, kama maji.

Yesu wangu! Ulikuwa moto. Haikupita kooni, ilichana. Pua ikaziba, masikio yakalia, macho yakafurika. Machozi yakashuka mpaka kwenye kitenge, na kamasi juu yake. Nikajaribu kusema ni pombe tu, sauti ikatoka kama ya mbuzi anayechinjwa.

"Analia," mtu akanong'ona.

"Maman Feza analia! Batu bote baone!"

Mamamkwe akayatazama machozi yale, akakunja midomo, halafu uso wake ukalegea. Akanifuta mashavu kwa ncha ya kitenge chake. "Lia, binti yangu," akasema. "Tulidhani una moyo wa jiwe." Nami ndani kulikuwa kimya, baridi. Nikawaza: ala, walichotaka ni hiki tu? Si ningetafuna pilipili siku ya mazishi, yakaisha.

Sibomana naye akaonja, asionekane mwoga, akakohoa mpaka kofia ikaanguka. Watu wakacheka. "Hii iko na nguvu!" Akasafisha koo. "Bon. Mutoto akae na mama yake. Maneno imeisha." Kwa urahisi huo. Feza akarudishwa magotini pangu, wao wakageukia bia ya ndizi.

Glasi ilibaki na kidogo chini. Nikakumbuka habari ya maji. Nikachovya vidole kwenye kikombe cha maji cha Feza, nikadondosha matone glasini, kwa sababu marehemu alisema, wala si kwa sababu nyingine. Nikanusa.

Kwanza asali, na uji ulioungua kidogo. Halafu, nyuma kabisa, moshi. Huo moshi naujua. Kule kinamasini mchana walikuwa wanachoma mahindi kwa mabonge ya nyiramugengeri, na jioni Kayitare ananiletea moshi wote nyumbani ndani ya shati. "Vua hilo shati huko nje!" nilikuwa nampigia kelele, naye kusudi ananikumbatia, ananisugua shingo kwa kola, anacheka. Mashati yake yote nimeyafua. Niliyafua wiki ileile aliyokufa, kwa sabuni ya unga, nikayarudia, kwa kuwa sikuwa na la kufanya.

Nikaziba glasi kwa kiganja. Usiondoke, nikamwambia. Usiondoke, Kayitare, usiondoke. Ndipo kilio chenyewe kikang'oka, na sauti niliyoitoa hata Feza aliiogopa.

Mamamkwe akageuka, kikombe cha bia mkononi, akanipapasa bega.

"Basi, Maman Feza, inatosha," akasema kwa upole. "Ikiriyo kimeisha."