Mwache Alale

Mtoto wa mbwa aliletwa kwa pikipiki, ndani ya kikapu kilichokuwa cha mihogo, na alifika akiwa amelala. Rigobert ndiye aliyemwomba kwa Yvette, rafiki wa familia anayekaa mtaa wa Mikelenge, ambaye mbwa wake jike alikuwa amezaa. Nyumba ya Rigobert iko mtaa wa Kasuku, mjini Kindu, jirani na bohari za reli anakofanya kazi, na tangu mvua zianze wezi walikuwa wakiruka ukuta na kubeba chochote walichokikuta nje: sufuria, nguo kwenye kamba, hata mchi wa kinu.

Mkewe, Francine, aliinama juu ya kikapu.

"Huyu njo mulinzi?"

"Atakomaa," Rigobert alisema. "Jina lake Shefu. Hata kazi hajaanza, tayari iko analala kama shefu wa biro juu ya meza yake."

Francine alicheka sana siku ile. Hata mama yake, Albertine, mzee anayeishi nao na ambaye hakupenda mbwa, alitabasamu kwenye kiti chake cha miti karibu na jiko. Shefu aliamka, akala uji wa mchele uliochanganywa na dagaa wa ndakala waliopondwa, akazunguka uwanja, akagombana na ufagio, na katikati ya ugomvi akalala, mdomo bado umeshika njiti.

Safari imemchosha, Francine aliwaza.

Lakini kesho yake ilikuwa vilevile. Shefu anaamka, anakula, anakojoa juu ya mkeka, anang'ata pindo la kitenge cha Albertine, analala. Jua linapanda, amelala. Watu wanapita na mizigo, redio ya jirani inapiga kelele, amelala. Kabla wiki haijaisha, kicheko kilikuwa kimemtoka Francine. Akiwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, aliacha mchi ndani ya kinu, akaenda kuweka kiganja chake juu ya mbavu zile ndogo. Pumzi ilikuwepo, lakini aliiona ndogo mno. Akamtikisa. Shefu akasimama akiyumba, akamtazama kwa macho yaliyojaa usingizi, akaanguka ubavu. Francine akampigia makofi karibu na masikio. Akamnyunyizia maji usoni.

"Mwache alale," Albertine alisema kutoka kwenye kiti chake.

Francine aligeuka kwa ghafla. "Usiniambie vile, mama!"

Francine mwenyewe aliona haya kwa sauti yake, akarudi kwenye kinu. Alijua ukali ule ulitoka wapi.

Wakati wa vita Francine alikuwa msichana wa shule ya msingi. Mji wa Kindu ulikuwa umezungukwa. Ndani kulikuwa na askari, porini kulikuwa na wapiganaji wengine, na mashamba yalikuwa kulekule porini. Waliotoka kwenda kung'oa mihogo, wengine walirudi wamenyang'anywa hadi nguo, wengine hawakurudi. Treni zilikuwa zimesimama, na baba yake, aliyekuwa fundi wa reli, alikwenda gereji kila asubuhi bila kazi na bila mshahara, kwa sababu hakujua pa kwenda pengine. Walikula majani ya matembele yaliyochemshwa bila chumvi. Baadaye hata majani ya matembele watu waliyamaliza.

Francine alikuwa na mdogo wake, Joël, kitindamimba, mtoto wa mbio na makelele. Joël kwanza aliacha kukimbia. Kisha akawa anakaa tu mlangoni. Kisha akawa analala, asubuhi amelala, mchana amelala. Francine alikuwa akimvuta mkono waende kucheza, na kila mara Albertine alimwambia, "Mwache alale. Mutoto akilala, anakua." Francine alimwacha. Alitoka nje akacheza peke yake na vizibo vya chupa. Alasiri moja Joël hakuamka.

Hakuna aliyezungumza habari hiyo tena nyumbani. Vita vikaisha, baba akazeeka akafa, Francine akaolewa, akampokea mama yake kwa heshima zote. Lakini ndani yake alibaki na neno moja ambalo hakuwahi kulitoa: mama hakuona. Mtoto alikuwa akifa mbele yake, naye akadhani ni usingizi.

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata alimfunga Shefu ndani ya kitenge, akapanda pikipiki hadi sokoni. Huko kuna Onema, muganga wa nyama, yaani wa mifugo, anayeuza dawa za kuku na mbuzi katika chumba kidogo kilichojaa harufu ya kreolini. Onema alimlaza Shefu mezani, akamfungua mdomo, akatazama ufizi, akamshika tumbo.

"Akiamka, anakula?"

"Anakula."

"Anacheza?"

"Anang'ata kila kitu. Hata miguu ya kiti."

"Sasa ugonjwa iko wapi, mama?"

"Analala, Dokta. Muchana kutwa iko analala tu."

Onema alicheka kidogo, kisha alipouona uso wa mama huyu akaacha kucheka. Akavuta kigoda, akakaa. "Sikiliza. Mutoto wa mbwa wa umri huu, kwa siku moja, analala masaa kumi na nane. Wengine wanafika makumi mawili. Njo vile wameumbwa. Anakula, anacheza kidogo, analala. Mwili unajengwa pale akilala. Unamuamsha?"

Francine alianza kumfunga tena Shefu ndani ya kitenge.

"Unamuamsha mara ngapi?"

"Kila nikimuona."

"Basi njo wewe unamuchosha." Hakulisema kwa ukali. "Usimuangalie akilala, mama. Muangalie akiamka. Siku ataamka na hataki chakula, siku hiyo kimbia."

Francine aliuliza kuhusu chanjo. Onema akatikisa kichwa: chanjo inataka baridi kutoka ndegeni mpaka mezani, na umeme wa kulinda baridi hiyo hana. Wakati mwingine zinafika, wakati mwingi hazifiki.

Alirudi nyumbani akijaribu kutii. Haikuwa rahisi. Shefu alipolala, Francine alitafuta kazi iliyo mbali: alikwenda kisimani wakati ndoo bado zimejaa, alifua nguo safi. Rigobert alimkuta siku moja amesimama nyuma ya nyumba, mikono ameikunja kifuani.

"Unafanya nini hapa?"

"Nangojea aamke."

Na Shefu aliamka. Kila mara aliamka, akaja mbio akijikwaa, akatia mdomo ndani ya sahani mpaka masikio yakaingia. Akanenepa. Tumbo likawa la duara, manyoya yakang'aa, akaanza kubweka kwa sauti iliyomshangaza mwenyewe. Alipenda kulala juu ya miguu ya Albertine, na mzee, aliyekuwa akimfukuza kwa fimbo, sasa alikaa bila kusogea ili asimsumbue. Francine alianza kupita karibu naye bila kuinama. Siku nyingine alisahau kabisa kumtazama.

Kisha ikaja asubuhi ambayo Shefu aliamka, akatembea taratibu hadi kwenye sahani, akanusa, akageuza kichwa.

Francine hakungoja. Hakuvaa hata viatu. Pikipiki ilikuwa bado njiani kuelekea sokoni pale mtoto wa mbwa alipotapika juu ya kitenge chake, na walipofika kwa Onema alikuwa akiharisha damu.

Onema alipoiona hakuhitaji kuuliza: ulikuwa ule ugonjwa wa tumbo unaoua watoto wa mbwa wasiochanjwa. Alichukua serumu, dripu ya maji anayowawekea mbuzi, akatafuta mshipa, akaukosa, akatafuta tena. Mwishowe akachoma chini ya ngozi, mgongoni, maji yakavimba kama nundu. Akapigia simu wenzake wawili. Wote walimjibu kwamba dawa aliyoitaka hawana.

"Nimechelewa, Dokta?"

"Hapana." Onema alikuwa akinawa mikono, hakumtazama. "Wewe umefika mapema kupita wote wanaonileteaka ugonjwa huu. Hukuchelewa."

Afadhali angemwambia amechelewa.

"Nifanye nini sasa?"

"Maji ya vuguvugu, sukari, chumvi kidogo. Kijiko kwa kijiko. Ingine iko juu ya mwili wake mwenyewe."

Mchana ule Francine alikaa mkekani na bakuli. Alimimina kijiko pembeni mwa mdomo wa Shefu. Maji yakatoka upande wa pili. Albertine alishuka kwenye kiti chake kwa tabu, akakaa naye chini, akapangusa kidevu cha mbwa kwa ncha ya kitenge chake. Shefu alikuwa na macho nusu wazi. Kila kijiko kilipoingia alitapika na kulia, sauti nyembamba kama ya mlango.

"Usimulazimishe," Albertine alisema.

"Nikimwacha atakufa, mama."

"Ndiyo," mzee alisema.

Francine aliweka kijiko chini. Hakuwa amepanga kusema. Lilitoka tu.

"Joël, mama. Ulijua?"

Albertine hakuuliza Joël yupi. Aliendelea kupangusa.

"Nilijua."

"Lakini ulikuwa unasema akilala anakua."

"Ningekuambia nini? Wewe ulikuwa mutoto." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia. "Ulikuwa unamuvuta mukono, anaamka. Akiamka, anaomba chakula. Alikuwa ananiangalia mimi, Francine. Siyo wewe, mimi. Akilala hakuwa anasikia njaa. Njo kitu kimoja nilibakia nacho cha kumupatia."

Miaka yote Francine alikuwa amemsamehe mama yake kimoyomoyo kosa ambalo halikuwahi kutendeka, na sasa msamaha ule haukuwa na kazi. Alitaka kuushika mkono wa mama yake, lakini mkono ule ulikuwa juu ya kichwa cha mbwa, na hakutaka kuutoa pale. Hawakumpa Shefu kijiko kingine.

Alikufa kabla Rigobert hajarudi kutoka bohari. Rigobert alichimba shimo nyuma ya nyumba, karibu na mpapai, bila kuvua nguo za kazi. Francine alimpigia simu Yvette kumwonya kuhusu wale watoto wengine wa mbwa wake. Yvette akasema wengine wote walikuwa wamekwisha kufa, na kwamba alikuwa ameogopa kuwaambia.

Jumapili, walipotoka misa, Albertine hakushika njia ya nyumbani.

"Nipeleke pale tulikaa wakati wa vita," alisema.

Siku zile haikuwezekana kufika makaburini. Joël alizikwa uwanjani, kwenye nyumba waliyopanga upande wa stesheni, na baba yake mwenyewe ndiye aliyechimba. Francine alijua hivyo, lakini hakuwahi kurudi. Ilimchukua muda kupatambua mahali. Nyumba ya udongo ilikuwa imevunjwa. Palikuwa na ya matofali, na uwanja wote ulikuwa umemwagwa saruji. Mwanamke kijana alikuwa akikaanga mikate, aina ya maandazi, mlangoni.

"Munatafuta nani, wamama?"

"Tulikaaka hapa zamani," Albertine alisema.

"Aa! Karibuni, karibuni." Akaleta viti viwili, akavipangusa kwa kitambaa. Watoto wake walikuwa wakiruka kamba juu ya saruji, nyayo zikipiga pa! pa! Albertine aliwatazama miguu. Macho yake yalizunguka uwanja, kutoka ukutani hadi kwenye bomba la maji, yakarudi, yakazunguka tena. Francine alielewa kwamba mama yake hakuweza tena kujua kaburi liko wapi.

Akavuta pumzi ili amwambie yule mwanamke kuhusu Joël. Albertine akamshika goti, akalibana.

"Mikate yako inanukia vizuri," mzee alimwambia mwenye nyumba.

Mwanamke akafurahi, akawafungia miwili kwenye karatasi, akakataa kulipwa. Waliaga, wakatoka. Jua lilikuwa kali na barabara ndefu. Walipofika nusu ya njia Albertine alichoka, wakasimama kwenye kivuli cha ukuta wa mtu, kila mmoja na mkate wake mkononi, na hakuna aliyekula.